Kupiga Kambi Uganda: Anzia Uani

Anayetaka kulala hemani kando ya Ziwa Mburo au kwenye miteremko ya Mlima Elgon afanye majaribio kwanza uani kwake, tena usiku wa mvua ikiwezekana. Mvua ya Aprili jijini Kampala hufichua mishono inayovuja ambayo muuzaji hakuitaja, na mlango wa nyumba uko hatua chache tu.

Chagua mahali palipoinuka kidogo, mbali na matawi makavu. Turubai unalotandika chini lisitokeze nje ya kingo za hema, kwa sababu sehemu inayotokeza hukinga maji ya mvua na kuyapeleka moja kwa moja chini ya godoro. Likunje kwa ndani. Vigingi vipigwe kwa mshazari, vichwa vikielekea mbali na hema, la sivyo upepo utaving'oa. Giza nchini Uganda huingia mnamo saa moja jioni mwaka mzima na halibishi hodi, kwa hiyo posho iwe imeiva mapema.

Ukishazoea, nenda Msitu wa Mabira, kwenye barabara ya Kampala kwenda Jinja, ujifunze kulala katikati ya sauti za msituni bila kushtuka kila dakika.

Ziwa Mburo linahitaji nidhamu zaidi. Viboko hutoka majini usiku kula nyasi na huweza kufika hadi penye mahema. Ukimsikia mmoja akitafuna karibu nawe, tulia ndani na usitoke kumpiga picha, na wakati wowote usijiweke kati yake na maji. Haja zimalizwe kabla ya kulala. Chakula kifungiwe garini, kwa maana nyani hawana haya, na hema lenye harufu ya ndizi watalirarua hata mchana.

Elgon ni kazi nyingine. Kilele cha Wagagai kina mita 4,321, na kwa kuwa halijoto hushuka takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000, usiku wa huko juu unaweza kugandisha maji. Panda kati ya Desemba na Februari, ukiongozwa na askari wa hifadhi, na uweke seti moja ya nguo za sufi ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, nguo ambazo hutazivaa kamwe wakati wa kutembea, hata ukilowa.