Mtoto bado hajafika, ila vitabu vyake anza kukusanya sasa

Kama umeshapeleka maombi ya kuasili mtoto, yaani kumchukua awe wako kisheria, kwa afisa ustawi wa jamii na sasa unasubiri simu, nakuandikia wewe. Kusubiri kule hakuna tarehe, leo unaambiwa faili bado linafanyiwa kazi, mwezi ujao unaambiwa hivyo hivyo, na nguo huwezi kununua maana saizi huijui, viatu ndo kabisa. Vitabu unaweza. Hata akija mkubwa kuliko ulivyotegemea bado vitatumika, ili mradi umevikusanya kwa akili.

Sasa kwa akili ni vipi. Anzia kwenye umri ulioomba, halafu shuka chini yake kidogo na upande juu kidogo. Watoto wengi waliokaa kwenye makao ya watoto hawajawahi kukaliwa chini wakasomewa mtu na mtu, mlezi mmoja ana watoto kibao, muda anautoa wapi. Kwa hiyo mtoto wa miaka sita anaweza kuja akang'ang'ania kitabu cha picha cha mtoto wa miaka mitatu na akataka kirudiwe kila siku, mwache, ndo anakula kile alichokikosa. Kama pesa ni ya kuunga unga, mimi ningesema nusu yake iende kwenye vitabu vya picha vyenye maneno machache, hivyo havimtupi mtu wa umri wowote. Kama umeomba mchanga, tafuta vya kurasa ngumu, au mpelekee fundi cherehani vipande vya kitenge akushonee kitabu cha kitambaa, mwambie asiweke vifungo wala shanga maana kila kitu kitaingia mdomoni.

Kupata vitabu Mwanza inataka miguu. Kabla hujanunua chochote nenda Maktaba ya Mkoa, ulizia vitabu vya watoto, kaa navyo, visome kwa sauti ya chini uone kipi kinateleza mdomoni na kipi kinakwama. Kuna vitabu vina picha nzuri lakini Kiswahili chake kigumu, unasoma sentensi mbili umechoka, sasa mtoto itakuwaje. Ukishajua unachotaka zunguka maduka ya vitabu na stesheneri za mjini, na usichokipata agiza Dar kwa wachapishaji kama Mkuki na Nyota au E&D Vision, mzigo unapanda basi unaupokea stendi ya Nyegezi. Kwenye mitumba nako huwa vinatokea vya Kiingereza, vya kurasa ngumu na rangi nzuri. Chukua tu, kata vipande vya karatasi nyeupe, andika Kiswahili chako mwenyewe kwa maneno mafupi, bandika juu ya maandishi ya zamani.

Halafu kuna African Storybook kwenye intaneti, hadithi za Kiswahili zipo nyingi na ni bure, unaruhusiwa kuziprinti. Tumia bando la usiku kupakua, weka kwenye flashi, nenda stesheneri mwambie kijana azipange kama kijitabu, yaani kurasa mbili kila upande wa A4 ili ukikunja katikati zifuatane. Karatasi moja inatoa kurasa nne, kwa hiyo kama hadithi ina kurasa kumi na nne ongeza mbili tupu ifike kumi na sita, la sivyo mpangilio utavurugika. Jalada weka manila. Stepla ya kawaida haifiki katikati, bora ushone, toboa matundu matatu kwenye mkunjo kwa sindano nene, pitisha uzi, fundo libaki nje. Kona zikate ziwe za mviringo, kisha jalada lote lipige selotepu ile pana. Kitabu kama hicho kikichanika hakikuumi, unaprinti kingine, na mtoto anakishika bila kupigiwa kelele.

Hapa kwenye kuchuja ndo nataka mnisikilize ndugu zangu. Hadithi zetu zimejaa mama wa kambo mkatili, anamnyima mtoto chakula, anamtuma kisimani usiku. Zimejaa pia yatima anayelia tu mpaka mwisho. Sisi tulizisikiliza tukiwa mapajani kwa mama zetu wa kuzaa kwa hiyo hazikutuuma. Fikiria mtoto ana wiki mbili tu nyumbani kwako, bado anakuangalia pembeni kujua we ni mtu wa namna gani, halafu unamsomea hiyo. Ziweke juu ya kabati. Sisemi zichomwe, akishakuzoea ataziuliza mwenyewe na mtaziongea. Vile vile vitabu vinavyosema kila mtoto alitoka tumboni kwa mama huyu huyu anayempikia, vipitie kwanza. Tafuta vyenye familia za kila aina, mtoto anayelelewa na bibi, na shangazi, na baba peke yake, ili yake isionekane ya ajabu.

Na usisahau hadithi ambazo hazipo dukani. Kama mama mkwe au bibi yako yupo Magu au Ukerewe huko, mpigie, mwamkie, mwambie akusimulie huku unarekodi kwa simu. Hadithi ya zimwi Shing'weng'we aliyemeza watu wote na kijana Masala Kulangwa aliyekuja kuwaokoa, kila mzee wa Kisukuma ana namna yake ya kuisimulia. Iandike kwenye daftari kubwa, sentensi moja moja kila ukurasa, picha chora au bandika. Kitabu kingine tengeneza cha Mwanza yenyewe, Jiwe la Bismarck, kivuko cha Kamanga, dagaa waliomwagwa juani, geti lenu, kitanda chake. Mtoto akitokea mkoa mwingine kitamsaidia kujua amefika wapi.

Nunua na daftari moja zuri la jalada gumu, hili usiandike kitu. Jina usiweke, mtoto anakuja na lake. Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka akae chini ya malezi yako kwa miezi kadhaa kabla mahakama haijatoa amri ya kuasili, na miezi hiyo ndo ya kulijaza: siku aliyofika, alivaa nini, kitabu gani alikipenda, na yale yote uliyoambiwa kuhusu alikotoka, hata kama ni mistari miwili. Ni mali yake. Libaki ndani, picha zake usirushe status.

Kutunza ni kawaida tu, rafu fupi anayoifikia mwenyewe, isigusane na ukuta kwa ajili ya mchwa, na masika vianike mara moja moja.

Kitu cha mwisho, kitabu kimoja nunua nakala mbili. Ukianza kuruhusiwa kwenda kumtembelea kule makao, mwombe matroni ruhusa uende na nakala moja, na ujiandae kuwasomea wengi maana wenzake watajaa hapo hapo, wasomee wote. Siku anahama, nakala hiyo waachie wenzake, nyingine anaikuta kwenu. Siku hiyo usimwonyeshe rafu nzima, toa vitano tu ikiwemo hicho anachokijua, vingine vitoe taratibu kadri anavyozoea.