Kabla hujatuma majani ya maua yako kupimwa fangasi

Soma kwanza masharti ya nchi unakopeleka mzigo. Maabara haipimi fangasi kwa jumla, inapima yule uliyemtaja. Wakaguzi wa TPHPA, mamlaka ya serikali ya afya ya mimea na viuatilifu, nao waone mapema, maana cheti cha usafi wa mimea hakipatikani siku ya ndege.

Sampuli usichume za mlangoni tu. Ikiwa mche mmoja katika kila mia unaumwa, inabidi uchukue kwenye miche 300, bila kuchagua, ndipo uwe na uhakika wa asilimia 95 wa kukutana na hata mmoja.

Wala usiamini jani kwa kulitazama. Kutu nyeupe, fangasi anayeshambulia maua ya krisanthemamu, hujificha ndani ya jani wiki nzima au zaidi, halafu ndipo madoa ya njano yatokee juu na vipele vyeupe chini. Ubaridi na unyevu wa Mufindi au Rungwe ndivyo anavyovitaka. Fangasi huyu haoti kwenye sahani ya maabara kwa sababu anaishi kwenye mmea hai tu, ndiyo maana kipimo cha PCR, kinachosaka vinasaba vyake, kina thamani kubwa.

Sasa kufungasha. Hapa nisikilize vizuri. Dada mmoja, jirani yetu huku Mafinga, alichuma majani alfajiri yakiwa na umande, akayatia kwenye mfuko wa nailoni, akaufunga kwa fundo na kumkabidhi kondakta wa basi la Morogoro. Lori likapinduka Kitonga, magari yakalala mlimani. Majani yalifika yamepikika kama mchicha, meusi, yanavuja maji. Fangasi wa kuozesha walikuwa wameshajaa, na vinasaba vya jani vimeharibika. Jibu likaja kwamba kipimo hakikusoma. Hakikusoma si sawa na hakuna ugonjwa! Cheti kikakosekana, mnunuzi akachukua kwa mwingine, vipandikizi vizuri kabisa vikamwagwa shimoni huku vibarua wakisubiri ujira wao. Iliniuma sana, kwa sababu kilichohitajika ni karatasi kavu tu.

Kwa hiyo subiri umande ukauke. Funga majani kwenye karatasi, tia kwenye bahasha, na ukipata vile vipakiti vya silika jeli vya kunyonya unyevu viweke humo. Kila kitalu kiwe na bahasha yake. Andika kwa penseli, wino unalowa. Mkasi usiufute kwa spiriti ukadhani umemaliza: spiriti inaua fangasi lakini vinasaba vyake vinabaki, na kitalu safi kitasomeka kina ugonjwa. Tumia jiki iliyochanganywa na maji, kisha suuza.

Taja pia dawa uliyopuliza na tarehe yake, kwa kuwa PCR husoma hata vinasaba vya fangasi aliyekwisha kufa.

Mengine ni ya kila siku: glavu, viatu vya wageni, maji yanayotiririka kutoka shamba la juu, miche ya kupewa na rafiki. Hiyo ya rafiki itenge kwanza, hata kama inapendeza.