Mambo ya kuzingatia kabla ya kufunga propela ya mbao usiyoijua asili yake

Propela za mbao huokotwa mahali pa ajabu: juu ya dari ya gereji, sebuleni kwa mzee aliyewahi kuwa rubani, kwenye mnada wa vitu vya kale. Imepigwa vanishi, inang'aa kama meza ya harusi, na mwenye nayo anakuapia kwamba ilitoka kwenye ndege. Huenda ni kweli. Ila zipo pia zilizochongwa kwa ajili ya boti zinazosukumwa na upepo wa feni, zipo za mitambo ya upepo ya kuchaji betri, na zipo za mapambo ambazo hazijawahi kusikia mlio wa injini. Kwa hiyo kabla hujauliza kama ni nzima, uliza ni ya nini. Nyingi hukwama hapo hapo.

Ilaze juu ya meza, washa tochi na uimulike kitovu, yaani sehemu nene ya katikati, kwa ubavu, si kwa juu. Herufi zilizogongwa kwenye mbao zamani hazionekani kwa mwanga wa moja kwa moja, lakini mwanga wa pembeni huzitia kivuli. Kwenye propela za Marekani tafuta jina la kiwanda, namba ya modeli, namba ya mfululizo, na vipimo viwili kwa inchi, mathalani 72 na 42. Cha kwanza ni kipenyo. Cha pili ni pichi, yaani umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama hewa ingekuwa ngumu, jinsi skrubu inavyozama kwenye ubao. Za zamani za Uingereza mara nyingi zimeandikwa kwa milimita, D ya kipenyo na P ya pichi, pamoja na jina la injini. Namba hizo ndizo unazokwenda kuzilinganisha na hati za cheti cha ndege yako na injini yake.

Kama hakuna alama yoyote, huenda kuna mtu aliyetaka kuipendezesha akazifuta kwa msasa. Kwa ndege yenye cheti mjadala umekwisha: propela isiyojulikana ni nini hairuhusiwi kuruka, uwe chini ya mamlaka ya usafiri wa anga ya Tanzania (TCAA), Kenya (KCAA) au Marekani (FAA), na kwa hili sioni sababu ya kuwalaumu. Mwenye ndege aliyoiunda mwenyewe ana uhuru zaidi kisheria. Mbao haina habari na uhuru huo.

Alama zikipatikana, angalia inazunguka upande gani. Simama nyuma yake kama anavyokaa rubani, uso bapa ukikuelekea, panga moja, yaani bawa moja la propela, likiwa juu. Ukingo mnene, ule wenye bati la kuukinga, ukiwa kulia, propela hiyo inazunguka kama mishale ya saa, nayo inafaa injini za kawaida za Continental na Lycoming. Ukiwa kushoto, ni ya injini kama Gipsy Major ya kwenye Tiger Moth, ndege ya zamani ya mafunzo ya Uingereza, inayozunguka kinyume. Nimewahi kumsikia mtu akisema kwa uhakika kabisa kwamba dawa ni kuigeuza mbele nyuma. Chukua skrubu, igeuze kichwa chini, uone kama mizingo yake imebadili upande.

Sasa rudi kwenye kitovu, na hapa usiwe na haraka. Watu wengi hudhani bolti ndizo zinazoizungusha propela, kama pini inavyoshika gurudumu la toroli. Kwenye propela ya mbao kazi kubwa hufanywa na msuguano: bolti zinaibana mbao kati ya flenji ya krenkishafti (sahani iliyo kwenye mwisho wa mhimili wa injini) na sahani ya mbele, na mbano huo ndio unaobeba nguvu ya injini. Mbano ukilegea, kila silinda inapowaka kitovu kinasogea kidogo, kinasugua, kinapata moto. Kwa hiyo tazama uso wa nyuma wa kitovu. Weusi wa kuungua maana yake propela hiyo iliwahi kufanya kazi ikiwa imelegea. Pitisha bolti kwenye kila tundu: likiwa limekuwa la umbo la yai, iweke kando. Ufa unaotoka tundu la katikati kwenda tundu la bolti nao hauna matengenezo. Na kama kitovu kimechongwa ili kitiwe saa ya ukutani, mrudishie mwenyewe saa yake.

Kwenye mapanga, ufa au mkato mzito unaokatiza nyuzi za mbao unatosha kuikataa. Vivyo hivyo panga lililopasuka kwa urefu, lililopinda, au ambalo matabaka yake ya ndani yameanza kuachana. Hesabu na matundu ya skrubu za bati. Yakiwa mengi kuliko yanayohitajika, hata kama yamezibwa kwa vijiti, kuna mtu aliwahi kubandua bati na kulirudisha pasipo pale, na panga limeshatobolewa kupita kiasi. Ncha za bati huwa na vitundu vidogo kama vya sindano vya kutolea maji. Vikizibwa na vanishi, unyevu hunaswa ndani, na unajua pia kwamba aliyepaka hakuwa fundi wa ndege.

Skrubu moja inaweza kuonekana jambo dogo. Chukua Continental A65, injini iliyofungwa kwenye ndege ndogo nyingi za Piper J-3 Cub: nguvu farasi 65 kwa mizunguko 2,300 kwa dakika. Propela ya inchi 72 ikizunguka hivyo, ncha yake inakwenda karibu mita 220 kwa sekunde, na kila gramu iliyo pale inavutwa kwenda nje kwa nguvu sawa na uzito wa zaidi ya kilo 5. Skrubu ya gramu mbili inavuta kama mtoto wa mwaka mmoja na ushee aliyening'inia. Huko Fort Myer, Virginia, tarehe 17 Septemba 1908, panga la propela ya mbao ya Orville Wright lilipasuka, likagonga waya ulioshikilia usukani wa nyuma, ndege ikaanguka. Luteni Thomas Selfridge aliyekuwa abiria akafariki, mtu wa kwanza kufa kwa ajali ya ndege yenye injini.

Kuna kitu kimoja ambacho macho hayakioni, nacho ni gundi. Propela nyingi za Vita vya Kwanza ziliunganishwa kwa gundi ya wanyama, ambayo hulegezwa na unyevu. Unaweza kugonga panga kwa sarafu ukisikiliza mlio wa uwazi, lakini mlio mzuri hausemi gundi imebakiwa na nguvu kiasi gani. Propela ya zama hizo mimi siifungi hata ikiwa na kila alama.

Iliyopita yote hayo ipelekwe kwa fundi mwenye leseni aipime mizani, yaani kama mapanga yanalingana uzito, kisha ifungwe kwa toki renchi, spana inayopima mkazo, kwa kiwango cha mtengenezaji. Halafu pima kama ncha zote zinapita njia moja: weka kigingi mbele ya panga moja, zungusha taratibu kwa mkono, magineto (vyanzo vya cheche za injini) zikiwa zimezimwa. Tofauti ya ncha mbili isizidi milimita 3 hivi. Unapowasha mara ya kwanza, funga mkia kwa kamba, na asisimame mtu usawa wa mzunguko wa propela. Injini isipofikia mizunguko iliyoandikwa kwenye hati ndege ikiwa imesimama, au ikiipita, huenda pichi si yake.

Kagua tena mkazo wa bolti baada ya safari ya kwanza, kisha baada ya saa 25, halafu kila saa 50. Ongeza na kila hali ya hewa inapobadilika, kwa sababu mbao hii ni ile ile ya mlango unaobana masika na kucheza kiangazi. Propela iliyokazwa Mombasa ikavimba kwa unyevu wa pwani, ikifika Nairobi wakati wa ukavu husinyaa, na bolti hubaki zimeshika hewa. Ukikuta nati moja imelegea usiikaze tu ukaondoka. Shusha propela nzima, utazame kama uso wa kitovu umeanza kuwa mweusi.