Siku ya kwanza yenye jua bustanini, jembe liache kwanza

Baridi ikianza kuachia na jua likatoka kidogo, mkono unawasha kushika jembe, najua, hata mi nawashwa. Ila subiri. Chota udongo kiganjani, uminye, afu ulisukume lile donge kwa kidole gumba. Likisambaratika sawa, lima. Likibaki limeshikana kama udongo wa mfinyanzi, bado kuna maji mengi, na ukilima au hata kukanyagakanyaga tu unaushindilia, ile nafasi ya hewa ndani yake inakwisha. Mwaka mmoja nilijifanya sisikii, nikalima hivyo hivyo, kiangazi chote nikawa nagombana na mabonge magumu kama tofali.

Kwa hiyo siku hiyo ni ya vikazi vidogo. Mi huanza na boksi la mbegu za zamani maana hii unafanya umekaa, chai pembeni. Hesabu mbegu 10 za kila aina, zipange kwenye tishu yenye unyevu (isiwe inachuruzika maji, zitaoza), ikunje, tia kwenye mfuko wa plastiki, andika jina na tarehe, weka penye joto. Andika kweli, usiseme utakumbuka, hutakumbuka. Baada ya siku 7 mpaka 10 hivi unafungua unahesabu: zikiota 7 kwenda juu ziko fresh, zikiota 4 mpaka 6 usitupe, wewe panda nyingi zaidi tu, chini ya hapo achana nazo. Karoti na pilipili zivumilie, zinaweza kuchukua hata wiki 2 au 3. Vitunguu ndo mbegu zake hazikai, zikipita miaka miwili mi wala sijisumbui.

Kama nyanya unaziotesha ndani, hesabu wiki 6 mpaka 8 kurudi nyuma kutoka jalidi ya mwisho (ile baridi kali ya kugandisha), usiwahi sana, utapata miche mirefu myembamba inayoanguka.

Afu toa kiti nje, noa vifaa. Mkasi wa kupogolea unasuguliwa kutu kwa msasa, unanoa ule upande wenye mteremko tu, ukinoa na ule bapa mkasi unaanza kutafuna matawi badala ya kukata. Mipini ya mbao ipake mafuta ya kitani, ila lile tambara litandaze nje likauke, usilikunje ukatupa kwenye pipa, linajipasha joto lenyewe hadi linaweza kuwaka moto, sitanii.

Majani makavu na mabua yaache kwanza, humo kuna wadudu wazuri bado wamelala.

Ukichoka kaa tu, chora ramani ya bustani kwenye daftari, weka alama jua linapofika asubuhi, mchana na jioni. Kumbuka tu miti bado haina majani sa hivi, yakishaota hiyo kona unayoiona ina jua lote itakuwa kivulini.