Sukuma ngapi, nyanya ngapi? Kugawa mtaji wa shilingi 1,300

Alfajiri katika soko la Marikiti, mama mboga ana shilingi 1,300 za kununulia sukuma wiki na nyanya na hajui jioni wateja watakuwa wangapi. Hesabu hii naifanya na shangazi yangu kwa daftari na kalamu. Bei ni za mfano; weka zako.

Hatua ya 1: Andika mahitaji, si mauzo

Hapa ndipo wengi huteleza. Sukuma ikiisha saa kumi, daftari litasema umeuza mafurushi mawili. Waliopita saa kumi na mbili wakitoka kazini, wakakosa, hawamo. Kila anayeulizia akakosa, mchoree kijistari. Usipofanya hivyo, hesabu itakuambia upunguze, kesho utaishiwa mapema zaidi, nayo itakuambia upunguze tena. Andika siku 20. Za mvua zitie alama.

Hatua ya 2: Hesabu siku

Furushi la sukuma unanunua 200, unauza 320. Likilala ni la kuku. La kwanza lilihitajika siku zote 20, la pili 17, la tatu 13. Ndoo ya nyanya unanunua 300, unauza 450; ikilala unaitoa kwa 250. Ya kwanza siku 20, ya pili 16, ya tatu 10.

Hatua ya 3: Pima kila furushi peke yake

Furushi la pili: 320 mara 17, gawa kwa 20, ni 272. Toa 200, unatarajia faida ya 72. La tatu linaleta 8 tu! Ndoo ya tatu: nusu ya siku 450, nusu 250, wastani 350, faida 50. (Mwaka 1888 mchumi Francis Edgeworth alishughulikia swali la ukoo huu: benki iweke akiba kiasi gani bila kujua wateja watatoa ngapi.)

Hatua ya 4: Panga, nunua kuanzia juu

Gawa faida kwa bei ya kununulia. Kwa kila shilingi, sukuma ya kwanza inaleta senti 60, nyanya ya kwanza 50, nyanya ya pili 37, sukuma ya pili 36, nyanya ya tatu 17. Pesa zimeisha: mafurushi 2, ndoo 3, faida 502. Wastani wa mahitaji ya sukuma ni angalau mafurushi 2 na nusu, na ungeweza kuukadiria kuwa 3, lakini ukinunua 3 na ndoo 2 unatarajia 460.

Ukiwa na 1,200, ndoo ya tatu haiingii. Zinabaki 200, basi jaribu michanganyiko michache kwa mkono. Hesabu itakuambia uongeze furushi la tatu. Shangazi hakubali. Kwa shilingi nane, anasema, habebi mzigo kwenye matatu.