Leseni ya majarida ya mtandaoni: jadili vifungu kabla ya bei

Wauzaji hupenda mazungumzo yaishie kwenye punguzo. Wewe mkutubi anza na vifungu, maana punguzo la mwaka huu halitakusaidia bajeti ikikatwa mwakani.

1. Beba namba zako. Omba ripoti za matumizi za COUNTER (kiwango cha kimataifa cha kuhesabu matumizi ya majarida ya mtandaoni), kisha gawanya gharama kwa makala zilizofunguliwa. Kifurushi cha dola 12,000 chenye makala 800 zilizofunguliwa kinakula dola 15 kwa kila makala. Hakikisha pia hulipii kitu ambacho chuo chako kinakipata kupitia Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu, na uliza COTUL, umoja wa maktaba za vyuo vikuu na utafiti Tanzania (Kenya ni KLISC, Uganda CUUL), kama wanajadili kwa niaba ya wote.

2. Linganisha kalenda. Leseni nyingi huanza Januari, ilhali mwaka wetu wa fedha huanza 1 Julai na fedha huingia kwa kusuasua. Dai siku 90 za kulipa ankara bila kukatiwa huduma. Hapohapo iandikwe nani anabeba kodi ya zuio, yaani kodi ambayo mlipaji huikata kwenye malipo na kuipeleka serikalini. Mkataba ukikaa kimya, mchapishaji atataka dola zake kamili, na mhasibu atakuja mlangoni kwako.

3. Weka mlango wa kutokea. Hapa usilegeze. Kwa mkataba wa miaka mitatu, mimi hupendekeza maneno haya: “Endapo bajeti ya Maktaba itapunguzwa, Maktaba inaweza kusitisha mkataba au kupunguza majarida kwa taarifa ya siku 60, bila adhabu.” Futa kifungu cha mkataba kujihuisha wenyewe. Ongezeko la bei la kila mwaka nalo liwe na kikomo kilichoandikwa.

4. Dai haki ya kudumu. Matoleo mliyoyalipia yaendelee kusomeka hata mkijitoa, kwa mchapishaji mwenyewe au kupitia Portico, hifadhi ya kidijitali ya majarida. Chuo Kikuu cha California kilipoachana na mchapishaji Elsevier mwaka 2019, wasomaji wake walibaki na sehemu kubwa ya makala za nyuma. Kilirudi mezani na kusaini mwaka 2021.

5. Mengineyo. Wahadhiri wa muda, wanafunzi wa masafa na wageni wanaosomea ndani ya maktaba watajwe kuwa watumiaji halali. Kifungu cha kuficha bei kikatae. Kinawanufaisha wauzaji tu.

Ukiambiwa “huu ni mkataba wetu wa kawaida, haubadilishwi”, usibishane kwenye simu. Tuma kiambatisho chenye maneno yako, kilichopitiwa na mwanasheria wa chuo, na utaje tarehe unayotaka jibu. Kitume Septemba. Ukisubiri Desemba, wanajua huna muda.