Umesoma kwa Kifaransa na sasa uko Chuo Kikuu cha Maseno, Kenya? Anza na vitenzi vya maswali

Ndugu yangu uliyetoka Goma au Bujumbura, usingoje mtihani ndipo ujue maswali ya Kiingereza yanavyouliza. Mapema tu muhula ukianza, nenda maktaba, omba karatasi za mitihani ya miaka iliyopita, kisha nakili daftarini vitenzi vinavyoanzisha maswali. Kuna kutaja, kufafanua, kulinganisha, kutathmini. Ukiambiwa utathmini nawe ukafafanua tu, hata kurasa nne hazitakuokoa. Niliwahi kuketi na mwenzangu Mrundi tukipitia karatasi yake: mambo aliyajua yote, ila alijibu swali ambalo hakuulizwa. Iliniuma sana.

Alama nazo zisikutishe. Kama ulizoea kusahihishiwa kwa 20, hapa ni kwa 100. Kwa kawaida 70 ni A na 40 umefaulu.

Na usikifiche Kiswahili chako, hata kama lafudhi ni ya kwenu. Wenzako wakilijadili somo kwenye matatu ya kwenda Kisumu, au mkitembea sokoni Luanda, mji jirani na Maseno, ingia, uliza, bisha. Halafu usiku huohuo andika kwa Kiingereza ulichoelewa, sentensi tano sita, kabla hakijapoa.